Je, Wajua? Betri Iliyokwisha Bado Huunguza
Betri bapa ya rimoti, ile inayong'aa kama sarafu, ikinasa kwenye umio wa mtoto huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Si lazima ivuje. Mate hupitisha umeme, na upande wa hasi huzalisha kemikali kali kama ile ya kutengenezea sabuni. Iache betri juu ya kipande cha nyama mbichi uone: nyama inageuka nyeusi. Hata ile uliyoitoa kwa kuwa imekwisha.

Kwenye eksirei hufanana na sarafu, ila ukingo wake una duara mbili.

Mtoto akimeza betri, mkimbize hospitali. Usimtapishe! Kama amepita mwaka 1, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe vijiko 2 vidogo vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali hupunguza makali. Haipo nyumbani? Msipoteze muda kuitafuta.