Gari la zamani linasumbua kwenye baridi? Usikimbilie kununua betri
Juni hadi Agosti, asubuhi za Njombe na Makete ni baridi kweli, na magari ya zamani huanza visa. Sikiliza kwanza.

Stata inazunguka kwa uzito? Angalia betri na terminali zake.

Stata iko vizuri ila injini inamisi? Kagua plagi, na choki kama ni gari la kabureta.

Umeendesha dakika 20 na mshale wa joto bado uko chini? Muulize fundi kama themostati ipo. Baadhi yao huing'oa gari likichemsha. Bila hiyo maji hupita kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto, inakula mafuta na kulika mapema.

Weka mpya, ila tibu kwanza kilichokuwa kinachemsha gari.