Jua la Mchezo na Jua la Kisii

Kwetu mwambao jua ni saa. Kivuli kikipinduka, adhuhuri imeingia. Kikirefuka, ni alasiri. Ndiyo maana mtu wa Lamu au Mombasa akisikia kwamba watu wa Kisii na Nyamira huwasha taa kwa jua, hucheka: jua gani, na huko ni kwa mvua?

Ni kweli, milima ile ni ya mvua. Asubuhi jua huwaka juu ya chai na migomba, lakini mchana ukishapinduka mawingu hukusanyika, na mara nyingi mvua hunyesha kabla ya magharibi. Hata hivyo, huko vijijini utaziona paneli za sola juu ya mapaa ya bati. Wenyewe hawana wingi wa jua. Wana hesabu ya jua.

Hesabu hiyo, ndugu msomaji, vijana wa leo hujifunza hata mchezoni. Uko mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, uliozaliwa Sweden mwaka 2009, ambamo mchezaji hujenga dunia nzima kwa matofali. Mafundi wengine wameuongezea programu zao, mojawapo ikiwa IndustrialCraft, na humo kijana huunda paneli ya jua kwa vioo vitatu, unga wa makaa mafungu matatu, sakiti mbili na jenereta moja. Akiifunika kwa dari, haitoi kitu. Mvua ikinyesha, haitoi kitu. Na siku nzima ya mchezo ni dakika 20 tu, nusu yake ndiyo mchana. Asiyeweka betri, jua likizama na mashine zake zimelala.

Mzee akimkuta kijana katika shughuli hiyo atamwambia aache upuuzi. Lakini shirika la UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, limekuwa likiutumia mchezo huo tangu 2012 ili wakazi wachore wenyewe viwanja vyao, na Kibera ni miongoni mwa mahali pa mwanzo. Basi tusiukemee, tuukamilishe.

Kwani liko jambo ambalo mchezo hausemi. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ya mchezoni haiozi kweli: betri yake ijazwe na kumalizwa mara elfu, i vile vile. Ya Nyamira yaoza. Betri ya asidi ikikamuliwa kila usiku mpaka tone la mwisho, kwa televisheni na redio, huchakaa kabla ya siku zake, na paneli hubaki pambo la paa. Tena wako wanaolipia mtambo kidogo kidogo kwa simu. Malipo yakikatika, mtambo hufungwa kutoka mbali, hata jua likiwa limewaka kutwa. Usiku huo koroboi hurudi mezani, na moshi wake huingia puani mwa mtoto anayesoma.

Kwa hiyo kijana ajuaye hesabu ya mchezoni na akabidhiwe betri ya nyumbani. Mawingu yakitanda mapema, aizime televisheni ili taa ya kusomea ibaki. Na wazazi nao waweke senti kando kila wiki, maana betri ina ajali yake, na siku ya kufa haingoji mavuno ya chai.