Je, Wajua? Benki ya Kufuli Tatu

Je, wajua kuwa benki ya akiba iliyoigwa katika nchi nyingi ilianzia kwenye nyumba ndogo ya kijijini? Kijiji ni Ruthwell, kusini-magharibi mwa Uskoti, na mwaka ni 1810. Kabla ya hapo nyumba hiyo ilikuwa ukumbi wa chama cha kufa na kuzikana.

Mwasisi hakuwa tajiri. Alikuwa mchungaji wa kijiji, Henry Duncan. Ujanani alifanya kazi benki huko Liverpool kwa miaka mitatu, akaiacha akasomee uchungaji. Hesabu hazikumtoka kichwani.

Wajua kilichomkera? Benki za wakati huo hazikupokea amana ya chini ya pauni 10, fedha ambayo kibarua wa shambani aliisikia tu. Duncan akapokea kuanzia peni 6, yaani nusu shilingi. Senti hizo alizikusanya na kuziweka kwa jumla katika benki kubwa mjini Dumfries, iliyolipa riba ya asilimia 5. Wateja wake walipata asilimia 4, na kilichobaki kiliendesha ofisi. Ujanja wote ndio huo.

Fedha zilikaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Mmoja asipofika, halifunguki. Wana-VICOBA, mnalijua hilo sanduku!

Unalalamikia fomu za benki? Pale Ruthwell, kabla ya kupokelewa, uliulizwa umri wako, habari za familia yako na mwenendo wako. Ukishajiunga, ukipitisha mwaka bila kuweka kiwango kilichopangwa, ulitozwa faini. Mchungaji alikuwa mkali, tena kwa fedha yako mwenyewe.

Mwaka wa kwanza zilipatikana pauni 151. Usicheke: mwaka wa nne zilifika 922. Mwaka 1817 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya benki za akiba, na benki za aina hiyo zikaota kila upande. Benki ya TSB ya Uingereza, iliyoungana na Lloyds mwaka 1995, ni ya ukoo huo.

Na bado Duncan alipata muda wa mengine. Msalaba wa mawe wa Ruthwell, wa karne ya 8, ulikuwa umevunjwa vipande kwa amri ya kanisa katika karne ya 17. Duncan aliviokota, akaviunga, na mwaka 1823 akausimamisha kwenye bustani yake.

Halafu kuna nyayo. Mwaka 1828 aliwasomea wanasayansi wa Edinburgh taarifa kuhusu alama za miguu ya mnyama zilizogandamana kwenye jiwe la machimbo ya jirani. Mtaalamu William Buckland, aliyepelekewa nakala za alama hizo, alitaka kujua ni mnyama gani. Akakanda unga, akautandaza, akamtembeza kobe juu yake.