Usiogope Mnara, Iangalie Simu Iliyo Sikioni

Mpondwe ni mji wa mpakani katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Mto Lhubiriha ndio unaoutenga na Kasindi, upande wa Kongo, na si mbali nao yainuka milima ya Rwenzori. Hapa, na katika mji jirani wa Bwera, simu ya mkononi si pambo. Kwa simu mchuuzi hupata habari za bei, na kwa simu mzazi hupeleka karo ya mtoto. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, wauaji wa kundi la ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tangu siku hiyo thamani ya kupata habari mapema haihitaji kuelezwa. Askari aliye zamu na jamaa zake walio nyumbani huunganishwa na simu hiyo hiyo.

Kwa kuwa chombo hiki hutumika kila siku, uvumi nao umekizunguka. Wako wanaosadiki kwamba mnara uliosimama karibu na nyumba huunguza ubongo. Mwaka 2020, huko Uingereza, makumi ya minara ilichomwa moto na watu waliodhani kwamba ndiyo iliyoeneza ugonjwa wa korona. Yafaa basi ukweli wa jambo hili uelezwe.

MAWIMBI NA VIKOMO VYAKE

Mawimbi ya simu ni jamaa ya yale yaletayo sauti ya redio nyumbani. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili, kama iwezavyo mionzi ya eksirei. Lililothibitika ni kwamba yakiwa makali huutia mwili joto. Wataalamu huyapima kwa wati zinazoingia katika kila kilo moja ya mwili.

Tume ya kimataifa inayoshughulikia kinga dhidi ya mionzi ya aina hii ilitoa miongozo yake mwaka 1998, ikaifanyia marekebisho mwaka 2020. Hesabu yake ni hii: mwili mzima ukipokea wati 4 kwa kila kilo, joto lake huweza kupanda kiasi cha digrii 1 ya Selsiasi. Ili kuweka akiba ya usalama, kikomo cha raia kikafanywa wati 0.08, yaani sehemu moja ya hamsini. Kwa kichwa na kiwiliwili, ambako simu hufikia sehemu ndogo tu, kikomo ni wati 2 kwa kilo. Kwa mikono na miguu ni wati 4. Marekani ina kipimo chake, wati 1.6.

Vikomo hivi si maneno ya karatasini tu. Mwezi Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa simu ya iPhone 12, baada ya kuipima na kupata wati 5.74 mahali palipotakiwa 4. Kampuni ya Apple ikalazimika kurekebisha programu ya simu hiyo.

MNARA NA SIMU

Nguvu ya mawimbi hupungua upesi kwa umbali. Mtu akiwa mbali mara mbili, hupata robo tu ya nguvu ile. Mnara uko mbali, bali simu imegusa sikio. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mawimbi yanayomfikia mtu anayezungumza hutoka mkononi mwake mwenyewe.

Tena simu hujirekebisha. Mnara ukiwa karibu, hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, au kilima kikiwa kimeziba njia, hupaza sauti hadi mwisho wa uwezo wake, na betri huisha upesi. Basi mwenye simu katika bonde la Rwenzori asikopata mtandao vizuri hupokea mawimbi mengi kuliko aliye mjini karibu na mnara. Kuuondoa mnara ni kuzifanya simu zote zipige kelele.

Je, simu huleta saratani? Mwezi Mei 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi haya katika fungu la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa haba. Mwaka 2024, uchunguzi mpana ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Hapana sababu ya kutishika. Lakini hadhari isiyogharimu kitu haidharauliwi.

YAFAAYO KUFANYWA

Mtandao ukiwa dhaifu, ni heri kutuma ujumbe wa maandishi, au kusogea mahali pa wazi kabla ya kupiga. Maongezi marefu yafanywe kwa kipaza sauti au kwa visikilizio, simu ikiwa mbali na kichwa. Simu isipelekwe sikioni mpaka ya upande wa pili ipokelewe. Watoto waongee kwa ufupi. Akina mama waepuke kuitia simu kifuani. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo aiweke simu umbali wa sentimita 15 au zaidi.

Mpakani, simu huweza kunasa mtandao wa nchi ya pili. Kuuchagua mtandao kwa mkono, badala ya kuiachia simu ijichagulie, huokoa betri na fedha pia.

Vibandiko vinavyouzwa kuwa ni "kinga ya mionzi" havifai. Vikiziba mawimbi, simu huongeza nguvu. Simu za bandia nazo ziepukwe, maana hapana ajuaye kama zilipimwa. Kenya ilizifungia mwaka 2012, na Tanzania mwaka 2016. Hapa Uganda, kuidhinisha vyombo hivi ni kazi ya Tume ya Mawasiliano. Katika simu nyingi za kisasa, kubonyeza *#07# huonyesha kipimo chake cha mawimbi.

Askari na polisi wana la ziada. Redio ya mkononi huweza kufikia wati 5, na ya garini makumi ya wati. Anayezungumza aiweke antena mbali na kichwa na macho, aseme kwa ufupi, na asiguse antena wala asiruhusu wenzake kuiegemea wakati redio inapotuma, kwani huweza kuunguza ngozi.

Mwisho, hatari iliyo dhahiri kuliko zote haimo katika mawimbi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba dereva anayetumia simu hukaribia ajali mara 4 zaidi ya asiyeitumia. Dereva wa lori la jeshi, wa gari la polisi na wa bodaboda, kila mmoja na asimame kwanza kando ya barabara, ndipo apokee. Anayempigia atapenda kungoja dakika tano kuliko kupokea habari za msiba.