Kompyuta Nazo Zipangiwe Zamu

Mvuvi wa Tanga hashushi ngalawa kwa sababu tu saa imegonga; huungojea upepo na maji. Busara hiyo sasa inahitajika katika kompyuta za watafiti wetu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo watafiti hukodi, kwa njia ya intaneti, nguvu za mashine zilizo mbali, nazo huitwa kompyuta za wingu. Jina hilo lisitudanganye. Wingu hilo limesimama ardhini, na linakula umeme usiku na mchana. Mwaka 2007 wahandisi wa Google, Barroso na Hölzle, walionyesha kwamba mashine ya aina hiyo, hata ikiwa karibu haina kazi, hula kiasi cha nusu ya umeme inaoutumia ikiwa na kazi tele.

Dawa ipo. Hesabu ya kisayansi, kama ile ya kuchambua chembe za urithi za vimelea vya malaria, ni mlolongo wa kazi nyingi. Baadhi hazina budi kutangulia. Nyingine zaweza kungoja bila ya kulichelewesha jibu la mwisho. Mpangaji hodari huzikusanya kazi katika mashine chache, huzizima zilizobaki, na huziahirisha zisizo na haraka hadi saa za umeme mwingi. Mwaka 2020 Google ilitangaza kwamba imeanza kufanya hivyo kwa kufuata jua na upepo.

Kwetu sisi jambo hili si anasa. Maji ya Mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo ya Hale mwaka 1964, na ile ya New Pangani Falls, yenye megawati 68, mwaka 1995. Na mto huo huo hunywesha mashamba. Mgawo wa umeme wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 haujasahaulika. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limeleta nafuu kubwa. Lakini wazee wetu walitufunza kwamba israfu ni israfu hata kwa anayechota mtoni. Na mashine ikiwa ughaibuni, gharama hulipwa kwa fedha za kigeni.

Wapo watakaosema kwamba sayansi haingoji. Ni kweli kwa baadhi ya kazi: utabiri wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, haukuweza kungoja hata saa moja. Ndiyo sababu tunataka kazi zibainishwe. Jioni, wakati taa za majumbani na wodi za wazazi zinapoutaka umeme kwa pamoja, hesabu iwezayo kungoja hadi usiku wa manane na ingoje.

Kwa hiyo tunavitaka vyombo vinavyohusika vidai kwamba kila ombi la fedha za utafiti litaje kazi zipi zaweza kuahirishwa, na kwa saa ngapi; na kila mkataba wa kukodi mashine uonyeshe umeme uliotumika. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alituambia kwamba kupanga ni kuchagua. Tusipochagua sisi, giza litatuchagulia.