Kinga ya mlimani: mwenye kuanza ajifunze kwanza kumaliza

Huku Kivu, kinga ni chombo cha kazi. Inabeba makala, ndizi na bidoni za maji. Kule Goma, chukudu ya mbao inashuka vilima na magunia ya viazi, bila pedali wala moteri. Vijana wengi wamezoea tayari kushika usukani kwenye mawe na matope. Kinachobaki ni kujua namna gani uwezo huo unageuka kuwa mchezo.

Mchezo wa kinga ya mlimani ulianza vilevile, na vyombo vya kawaida. Mwaka wa 1976, karibu na San Francisco, Marekani, vijana walishindana kushuka mlima kwa kinga nzito za zamani. Freni zilichemka mpaka grisi ikaungua, na kila mara ilibidi kuweka ingine. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1996, mchezo huo uliingia katika michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Mwenye kuanza hahitaji kinga ya bei kali. Anahitaji fremu isiyopasuka, freni mbili zinazokamata vizuri, na mipira mipana yenye meno. Mipira hiyo isijazwe upepo kupita kiasi: ikiwa migumu sana, inaruka juu ya mawe na kuteleza. Kaske ni ya lazima tangu siku ya kwanza.

Kwenye kupanda, vitesi vinabadilishwa mbele ya mlima, kabla mnyororo haujakazwa na uzito. Mwendeshaji anabaki kwenye kiti na kuinama kidogo mbele, ili gurudumu la nyuma lisizunguke bure. Kwenye kushuka, anasimama juu ya pedali, magoti yakiwa yamekunjwa, na kurudisha mwili nyuma kidogo. Freni zote mbili zinakamatwa polepole. Anayefinya ya mbele peke yake kwa nguvu anaweza kurushwa juu ya usukani. Macho yanatazama mbali, mahali anapotaka kupita. Anayekazia macho jiwe, mara nyingi analigonga.

Kwa sehemu zetu, kuna jambo lingine: njia. Ni vizuri kuuliza wakaaji kabla ya kuingia mahali usipopajua, kwenda wawili ao watatu, na kurudi kabla ya giza. Mahali palipopita vita, usiache njia inayotumiwa na watu kila siku, wala usiguse chuma usichokijua.

Shindano lenyewe ni mizunguko kadhaa ya kilometa nne hivi hadi sita. Kwa wachezaji wakubwa, inachukua karibu saa moja na nusu. Wengi wanaoanza wanakosea hapo: wanatumia nguvu zote kwenye mzunguko wa kwanza. Na sheria ni kali, kwani anayeachwa mbali sana na wa kwanza anaondolewa njiani. Kwa hiyo kumaliza tu ni ushindi.

Adrien Niyonshuti, wa inchi jirani ya Rwanda, alilijua hilo. Alikuwa amepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994. Tarehe 12 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London, alishindana na wenye kinga bora na uzoefu mwingi kuliko yeye. Mucheki Jaroslav Kulhavý alishinda, akimpita Muswisi Nino Schurter kwa sekunde moja tu. Niyonshuti alimaliza kwenye nafasi ya 39.

Siku hiyo, Burry Stander wa Afrika Kusini alikuwa wa tano. Miezi mitano hivi baadaye, Januari 2013, aligongwa na teksi akiwa mazoezini, akafa. Alikuwa na miaka 25. Mtu aliyezoea kushuka majabali kwa mwendo mkali aliuawa kwenye barabara ya magari.

Kwa kijana anayetoka nyumbani na kinga yake asubuhi, hatari ya kwanza haiko mlimani. Iko kwenye barabara inayompeleka huko, kati ya malori na pikipiki. Avae nguo za rangi inayoonekana, apite pembeni, na aache simu mfukoni. Mlima utamngoja.