Kasi ya Mtandao Haipimwi kwa Wastani

Oktoba 1986, mawasiliano ya kompyuta kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo jirani yake yaliporomoka. Umbali wenyewe haufiki hata mita 400. Data iliyokuwa ikipita kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde ikawa inapita kwa biti 40, sawa na herufi tano tu kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa maandishi uliokuwa ukifika kwa kufumba na kufumbua sasa ulihitaji dakika kadhaa. Waya ulikuwa mzima, mitambo ilikuwa inawaka, na kila kompyuta ilikuwa inatuma data bila kupumzika.

Kutuma bila kupumzika ndiko kulikoleta balaa. Van Jacobson wa maabara hiyo, akishirikiana na Mike Karels wa chuoni, alilichunguza tatizo hilo, na makala yake ya mwaka 1988 bado ni msingi wa jinsi intaneti inavyofanya kazi. Kompyuta inapotuma pakiti ya data, husubiri jibu kwamba imefika. Jibu likichelewa kupita muda uliopangwa, hudhani pakiti imepotea na kuituma tena. Isubiri muda gani? Kanuni ya zamani ilikuwa kuchukua wastani wa muda wa safari zilizotangulia, kwenda na kurudi, na kuuzidisha kwa mbili.

Mtandao ukiwa mtupu, kanuni hiyo inatosha. Mtandao ukianza kujaa, wastani hupanda, lakini tofauti kati ya safari moja na nyingine hupanda zaidi. Pakiti hii inapita moja kwa moja, ile inakwama kwenye foleni ya ruta. Iliyokwama haijapotea, ila mtumaji hajui, kwa hiyo anatuma nakala. Nakala nayo inaingia kwenye foleni ileile, inachelewesha nyingine, nazo zinatumiwa nakala zake. Mwishowe laini inabeba mizigo ambayo tayari imeshafika.

Jacobson alipendekeza mambo kadhaa: mtumaji aanze taratibu, na apunguze kasi kila pakiti inapopotea. Lakini pendekezo ninalolihusudu kuliko yote ni la kipimo. Pamoja na wastani, alisema, kompyuta ipime pia jinsi nyakati zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Leo muda wa kusubiri hupatikana kwa kuchukua wastani na kuuongezea mara nne ya mtawanyiko. Safari zikilingana, kompyuta haisubiri sana. Zikiyumba, inavuta subira. Hesabu hiyo inafanyika ndani ya simu yako sasa hivi.

Kinachonisikitisha ni kwamba mashine zilijifunza hili tangu mwaka 1988, ilhali sisi wanunuzi wa mtandao bado tunauziwa namba moja. Chukua maombi 100 yanayopelekwa kwenye seva ya benki. Maombi 99 yanajibiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, moja linachukua sekunde 10. Wastani ni sekunde 0.2, namba nzuri kwenye ripoti, na hakuna mteja hata mmoja aliyeipata. Aliyesubiri sekunde 10 pengine amebonyeza mara mbili na sasa anahofia kwamba fedha zimekatwa mara mbili.

Wala asidhaniwe kuwa ni mmoja tu asiye na bahati. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google walionyesha mwaka 2013 jinsi uchelewaji adimu unavyogeuka kuwa wa kawaida. Ukurasa mmoja wa huduma kubwa huweza kukusanya majibu kutoka seva 100. Kila seva ikichelewa mara moja tu katika 100, kurasa 63 katika 100 zitachelewa, kwa sababu ukurasa hukamilika pale seva ya mwisho inapojibu. Ndiyo maana wahandisi makini hupanga nyakati zote kuanzia fupi hadi ndefu, kisha hutazama ya 99 katika 100.

Turudi nyumbani. Programu nyingi za kupima kasi hupakua data kwa sekunde chache na kutoa jibu la megabiti. Jibu hilo linaeleza laini inaweza kubeba kiasi gani, na ni jambo la kweli. Muda wa safari ni jambo jingine. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, data nyingi za Afrika Mashariki zilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kulichukua karibu nusu sekunde, hata laini iwe pana namna gani. Kwenye mkongo, kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 tu kwenda na kurudi.

Hata hivyo, foleni ya ruta inaweza kuturudisha kulekule. Kumbukumbu za kompyuta ziliposhuka bei, watengenezaji walizijaza kwenye ruta ili pakiti zisipotee. Kumbe mtumaji hutegemea upotevu huo ajue kwamba njia imejaa! Asipouona, anaendelea kutuma. Megabaiti moja ya foleni kwenye laini inayopandisha megabiti moja kwa sekunde ni sekunde nane za kusubiri. Mwaka 2012 Jacobson, safari hii na Kathleen Nichols, alitoa algoriti ya kuidhibiti foleni hiyo. Hapa aliuacha wastani kabisa: ruta hutazama pakiti iliyosubiri muda mfupi kuliko zote ndani ya milisekunde 100. Ikiwa hata hiyo ilisubiri zaidi ya milisekunde 5, foleni haiishi, na ruta huanza kuangusha pakiti ili watumaji wapunguze.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Kwenye kompyuta, andika amri ya ping na anwani ya tovuti iliyo karibu, kisha uiache iendelee. Utaona nyakati zikitokea mstari kwa mstari, kwa milisekunde: 20, 22, 19. Sasa mwenzako apandishe video ndefu kwenye mtandao huohuo. Namba zikipanda kidogo na kutulia, ruta yako ni nzuri. Zikiruka hadi 800 au 1,500, simu ya video itakatikakatika hata ukinunua kifurushi kikubwa zaidi, na kinachotakiwa ni ruta yenye udhibiti wa foleni. Zahanati au shule inayotafuta mtandao iombe kupima hivyo kabla ya kusaini mkataba, saa za kazi, laini ikiwa imejaa, na iandike muda mrefu kuliko yote uliojitokeza.